Picha ya Tusi Isifunikwe Gazeti

Asubuhi moja nilibandika ukutani, katika darasa la kidato cha tatu, nakala ya sanamu moja kutoka Marekani. Ni sanamu ya mwanamke mweusi mnene, mwenye kilemba kichwani, midomo mipana na kicheko kisichokoma. Mkono mmoja ameshika fagio. Mkono wa pili ameshika bunduki. Niliporudi wakati wa kipindi nilikuta picha imefunikwa gazeti, na gazeti lenyewe limebanwa kwa pini pembe zote nne. Sikuhitaji kuuliza sana. Aliyeifunika ni mwalimu mwenzangu, mtu mzima kuliko mimi, ambaye namheshimu kwa elimu yake na kwa adabu yake. Aliniambia katika chumba cha walimu: "Mwalimu, watoto wetu wametukanwa vya kutosha. Tusi halitundikwi ukutani."

Nilinyamaza siku ile, kwa kuwa mkubwa hajibizwi mbele ya watu. Lakini kunyamaza si kukubali. Insha hii ndiyo jibu langu, na nimeiweka mbele yenu ninyi wanafunzi, kwa sababu picha ilifunikwa kwa ajili yenu, wala hapana aliyewauliza.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mpiga chapa akiwa na bamba moja huweza kupiga karatasi elfu, zote za sura moja. Hivyo ndivyo dharau inavyofanya kazi. Huchukua sura moja ya kubuni, huipiga juu ya mamilioni ya watu wasiofanana, kisha husema: hawa ndio hao. Sura ya namna hiyo nitaiita sura ya chapa. Haina jina la mtu, haina kijiji, haina mama wala msiba. Ina midomo, meno na kicheko tu.

Wamarekani weusi walipigwa chapa hiyo kwa muda mrefu na kwa njia nyingi. Kiasi cha mwaka 1830 mwigizaji mweupe, jina lake Thomas Rice, alijipaka weusi usoni, akavaa matambara, akacheza na kuimba jukwaani akijifanya mtumwa mpumbavu aitwaye Jim Crow. Watazamaji walivunjika mbavu. Mchezo ule ukaigwa na vikundi vingi, kila kikundi kikijipaka masizi ya vizibo vilivyochomwa. Baadaye jina la yule mpumbavu wa kubuni likawa jina la sheria za kweli: sheria za kuwatenga watu weusi katika shule, katika mabehewa ya gari la moshi na katika hoteli, ambazo hazikuvunjwa mpaka miaka ya 1950 na 1960. Tazameni mwendo wa jambo hili. Lilianza katika kicheko, likaishia katika sheria. Mtu asituambie basi kwamba picha na michezo ni mambo ya kupitishia wakati tu.

Mwaka 1893 palikuwa na maonyesho makubwa ya dunia katika mji wa Chicago. Kampuni moja ya unga wa chapati za maji ilimwajiri Nancy Green, mwanamke aliyezaliwa utumwani huko Kentucky mwaka 1834, asimame mbele ya umati akipika, akicheka na kusimulia hadithi tamu za zama za utumwa, kana kwamba utumwa ulikuwa sherehe. Hakuitwa Nancy Green. Aliitwa Aunt Jemima. Jina hilo lilikaa katika biashara ya unga tangu mwaka 1889 hata mwaka 2021, na sura ya mwanamke mweusi mwenye kicheko ikaingia katika majiko yasiyo na hesabu. Na mwenye mwili wake je? Nancy Green aligongwa na gari, akafa Chicago mwaka 1923. Kaburi lake halikuwekewa jiwe lenye jina lake mpaka mwaka 2020. Sura ya chapa ilijulikana nchi nzima. Mtu alilala bila jina miaka 97. Hiyo ndiyo kazi ya sura ya chapa: humfunika mtu hata ndani ya kaburi lake.

Wako waliojibu tusi hili kwa kuweka sura njema mahali pa sura mbaya. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838 akawa msemaji mkubwa wa ukombozi, aliandika mwaka 1849 kwamba ni shida kwa wachoraji weupe kumchora mtu mweusi kwa haki, kwa maana walizidisha walichokwisha kukiamini. Basi alikwenda kwa wapiga picha mara kwa mara, akapigwa picha zaidi ya 150, na karibu katika zote hakucheka. Alijua kwamba nchi ile ilikuwa imeshiba vicheko vya kubuni.

Henry Ossawa Tanner alifanya zaidi. Katika mwaka ule ule wa 1893, Nancy Green alipokuwa akichekeshwa mbele ya umati, Tanner alichora mzee mweusi amemweka mjukuu wake katikati ya magoti, akimfundisha kupiga banjo katika chumba cha kimaskini chenye mwanga wa moto. Banjo ni ala ambayo asili yake inatoka Afrika, lakini wachekeshaji wa masizi walikuwa wameifanya chombo cha upumbavu. Tanner hakuitupa banjo. Aliirudisha mikononi mwa mzee, akaonyesha kwamba kupiga banjo ni elimu, na kwamba mzee yule ni mwalimu. Mimi niliye mwalimu siwezi kuitazama picha ile bila kuona haya kwa haraka yangu darasani.

Hapa mwenzangu atasema: "Basi tundika Tanner, utuachie hayo mengine." Hoja hii ni nzuri, na laiti ingetosha ningeifuata leo. Lakini haitoshi. Tanner alichora picha yake mwaka 1893, na Aunt Jemima akaendelea kucheka juu ya maboksi zaidi ya miaka 125 baada ya hapo. Sura njema ilitundikwa katika makumbusho. Sura mbaya ilikaa mezani kila asubuhi, mbele ya mtoto anayekula. Uongo hauondoki kwa sababu ukweli umekaa jirani nao. Sharti mtu aushike uongo wenyewe, auburute mbele ya watu, auhoji.

Hilo ndilo alilolifanya Betye Saar, aliyezaliwa mwaka 1926 katika mji wa Los Angeles. Baada ya kuuawa kwa Martin Luther King mwezi wa Aprili 1968, mama huyu alikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Akaanza kukusanya vitu vya dhihaka vilivyouzwa madukani na minadani: vikopo, kadi, vidoli vya watu weusi wenye midomo mipana. Mwaka 1972 alichukua kisanamu cha mama wa kilemba kilichotengenezwa kwa kushikia karatasi za kuandikia jikoni, akakitia ndani ya sanduku dogo la mbao. Nyuma yake alipanga sura za Aunt Jemima safu kwa safu, kama ukuta wa duka. Miguuni aliweka pamba. Fagio hakulinyang'anya, aliliacha katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili akatia bunduki. Kazi hiyo aliiita ukombozi wa Aunt Jemima. Hiyo ndiyo picha iliyofunikwa gazeti katika shule yetu.

Sasa nawaulizeni: je, ile ni picha ya tusi? Naam, imejengwa kwa tusi, kama nyumba inavyoweza kujengwa kwa mawe tuliyotupiwa. Lakini yule mama hatumiki tena. Kicheko chake ni kile kile, ila sasa mtazamaji hana hakika anachekea nini. Anayefunika picha ile hamkingi mtoto na tusi, bali humnyima jibu la tusi. Tusi lenyewe mtoto atalipata bure njiani.

Nisingekuwa mkweli kama ningeficha kwamba Saar huyu huyu, miaka 25 baadaye, alisimama upande wa wale wanaotaka kufunika. Mwaka 1997 msanii kijana, Kara Walker, aliyezaliwa mwaka 1969, alipewa tuzo kubwa ya fedha akiwa na miaka 27 tu. Kazi ya Walker ni kukata kwa kisu karatasi nyeusi, kwa mtindo wa zamani wa picha za kivuli ambazo wazungu wa karne ya 18 na ya 19 walizipamba nazo sebule zao. Vivuli vyake, vikubwa kama watu, hubandikwa juu ya ukuta mweupe: mabwana na watumwa, mabibi na yaya, wakifanyiana ukatili, aibu na uchafu ambao vitabu vya hadithi tamu haviusemi. Saar alichukizwa. Aliandika barua zaidi ya 200 kwa wasanii na watu wengine, akiwataka waipinge kazi ile. Aliona kwamba kijana anawauzia matajiri weupe fedheha ya watu wake.

Hoja ya Saar ni nzito kuliko hoja ya mwenzangu, na haifai kudharauliwa. Swali la nani ananunua na nani anacheka ni swali la haki. Mwaka 2014 Walker alijenga ndani ya kiwanda cha kale cha sukari huko Brooklyn sanamu kubwa ya mwanamke mwenye kilemba na mwili wa simba, yenye urefu wa mita 23 hivi, iliyofunikwa sukari nyeupe, ili watu wakumbuke ni jasho la nani lililozaa sukari ile. Wakaja watazamaji wengine, wakasimama mbele ya sanamu, wakapiga picha za upuuzi na kejeli. Je, hawakumthibitishia Saar kwamba sura ya chapa ikiinuliwa hurudi kufanya kazi yake ya kale?

Nakiri kwamba walimthibitishia kwa nusu. Lakini nusu ya pili ni hii: Walker alikuwa akiwapiga filamu. Waliokwenda kuitazama sanamu wakawa wao wenyewe ndio wanaotazamwa. Kejeli ambayo siku zote hukaa kimya moyoni ilitoka nje, ikaonekana, ikapigwa picha. Nani aliaibika, sanamu au mtu?

Na vivuli vile vya karatasi vina mtego ambao ningependa kila mwanafunzi aujue, kwa sababu unaweza kuujaribu mwenyewe kwa mkasi na karatasi. Kivuli hakina rangi ya ngozi. Bwana ni mweusi, mtumwa ni mweusi, wote wamekatwa katika karatasi ile ile. Hata hivyo mtazamaji hutambua mara moja nani ni nani. Kwa nini? Kwa sababu ya mdomo uliochomoza, pua, nywele, kisigino kisicho na kiatu. Maana yake, chapa haikuwa ukutani. Ilikuwa kichwani mwa mtazamaji tangu hajaingia mlangoni. Walker hakuileta. Aliikuta, akawasha taa.

Ndiyo maana nasema Saar alikosea mwaka 1997, ingawa alikuwa mkweli mwaka 1972. Nami nalisema hilo kwa heshima, kama mtu anavyompinga bibi yake. Mwaka 2012 maktaba ya watu wote katika mji wa Newark ilitundika mchoro mmoja wa Walker, baadhi ya wafanyakazi wakalalamika, nao ukafunikwa kitambaa. Lakini maktaba haikuishia hapo. Watu walijadiliana, mwaka 2013 kitambaa kikaondolewa, na Walker mwenyewe akaenda kuzungumza nao. Hiyo ndiyo njia ya watu wazima: aliyechukia alisikilizwa, aliyechora alihojiwa, na picha ikabaki mahali pake. Gazeti letu na pini zake nne halikumsikiliza wala kumhoji mtu yeyote.

Sasa niwarejeshe nyumbani, kwa kuwa mtu anaweza kuuliza: hayo ya Marekani yatuhusu nini sisi? Katika darasa lile lile kulikuwa na kijana mweusi sana wa ngozi, mwerevu wa hesabu, mpole wa maneno. Wenzake walimwita Masizi. Walimwita hivyo kwa kicheko, wala hapana aliyefikiri kwamba anatenda dhambi. Hata yeye aliitika. Jina hilo halikuletwa na meli kutoka Marekani. Tulilitunga wenyewe, hapa hapa, watoto weusi juu ya mtoto mweusi. Kila nilipowaambia wachore nyuso zao, kijana yule alishika penseli ya kahawia na kuipitisha taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, hata uso wake katika karatasi ukawa mweupe kuliko wangu.

Mwenzangu alifunika picha ya Saar ili kumkinga kijana huyu. Lakini jina la Masizi hakulifunika. Hangeweza, maana halikuwa limetundikwa, lilikuwa hewani. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Shule isiyotaka kuitazama sura ya chapa ukutani huiacha itembee uwanjani kwa miguu yake.

Siku iliyofuata nilileta picha nyingine, za Kerry James Marshall, aliyezaliwa mwaka 1955 huko Birmingham, katika jimbo la Alabama. Mwaka 1980 Marshall alichora mtu mweusi aliyevaa nguo nyeusi mbele ya ukuta mweusi, hata hakionekani kitu ila macho, shati na meno yenye pengo. Picha ile ni ndogo, yaweza kufunikwa kwa daftari. Ni dhihaka ile ile ya masizi, imepelekwa mpaka mwisho wake: mnasema ni mweusi asionekane, haya, mtafuteni. Tangu hapo Marshall hakuacha rangi nyeusi. Aliendelea kuwachora watu weusi kwa weusi mtupu, si kahawia, akizichanganya rangi nyeusi za namna mbalimbali ili ndani ya weusi mle kuwe na shavu, kivuli na mwanga. Katika picha yake kubwa ya mwaka 1997 aliwachora wakistarehe kando ya ziwa, wakicheza gofu na kuendesha mashua, wakituangalia pasipo kuomba ruhusa. Picha hiyo iliuzwa New York mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 21. Sitaji fedha ili mzisujudie. Nazitaja ili mjue kwamba weusi ambao kijana wetu aliupitishia penseli kwa woga, mwingine aliusisitiza mpaka dunia ikanyamaza kuutazama.

Kijana yule aliitazama picha ya Marshall kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali moja tu: "Mwalimu, huyu alitumia penseli gani?" Sidai kwamba picha moja ilimponya. Jina la Masizi liliendelea wiki kadhaa, na huenda linaendelea mahali ambapo sisikii. Lakini swali lile halingeulizwa mbele ya gazeti.

Mwenzangu ana haki katika jambo moja, nami nampa. Picha ya tusi haifai kutundikwa kama pambo, ikaachwa peke yake, mwalimu akaenda zake kunywa chai. Kosa hilo nililitenda mimi asubuhi ile, na gazeti lake lilinistahili kwa kiasi hicho. Picha kama hizi hudai maneno. Kwa hiyo nawapeni maswali matatu ya kuuliza kila mkutanapo na sura ya mtu mweusi, iwe katika makumbusho, katika kitabu au juu ya boksi la sabuni. Kwanza: nani ameichora, na amemchorea nani? Pili: anayechekwa ni aliyechorwa, au ni yule anayetazama? Tatu: aliyechorwa amepewa kitu gani ambacho tusi lilimnyima? Saar alimpa mama wa kilemba bunduki. Tanner alimpa mzee mwanafunzi. Marshall aliwapa watu wake starehe na weusi kamili. Picha isiyompa mtu kitu chochote, ikamwacha pale pale tusi lilipomwacha, hiyo tuikatae kwa sauti kubwa, lakini tuikatae tukiwa tumeitazama.

Mwaka 2018 picha ya Rais Barack Obama, iliyochorwa na Kehinde Wiley, ilizinduliwa Washington. Amekaa kitini katikati ya majani na maua, na baadhi ya maua yale, ya rangi ya buluu, yamewekwa kwa ajili ya Kenya, nchi ya babake aliyetoka Kogelo. Hatucheki tukiitazama, wala hatuoni haja ya kuifunika. Lakini nani kati yetu angeelewa uzito wa picha ile kama hajui maboksi ya unga, masizi ya vizibo, na kaburi lisilo na jiwe? Atakayeona mwisho wa safari bila kuona mwanzo wake atadhani kwamba heshima ilitolewa bure. Haikutolewa bure. Ilichorwa, ikakatwa kwa visu, ikagombaniwa kwa barua mia mbili.

Picha ya Saar nimeirudisha ukutani. Gazeti nililikunja nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili, nikamwalika aje darasani Ijumaa aseme hoja yake mbele yenu. Amekubali. Msikilizeni kwa adabu, kisha mwulizeni maswali matatu.